Kilichobaki cha Mgodi wa Zollverein

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein, ulioko Essen nchini Ujerumani, ulifungwa mwaka 1986 na leo una makumbusho, shule ya ubunifu na ukumbi wa dansi. Migodi mingi ya eneo hilo ilibomolewa. Kwa nini huu ulisalia? Na je, kilichobaki bado tunaweza kukiita mgodi, au ni majengo mazuri tu yaliyopoteza kazi yake?"

Jibu:

Ndugu msomaji, maswali yako mawili hayatengani, kwa sababu namna mgodi ule ulivyookolewa ndiyo iliyoamua ni sehemu zipi zitabaki na zipi zitapotea. Natanguliza msimamo wangu ili uupime kadiri unavyosoma. Kilichohifadhiwa Zollverein ni mashine ya juu ya ardhi, tena kwa uangalifu ninaouheshimu sana. Kazi ya chini ya ardhi, ambayo ndiyo iliyokuwa mgodi wenyewe, haikuhifadhiwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haina mahali pengine pa kuishi ila vinywani mwa watu walioifanya.

Tuanze na mwanzilishi. Franz Haniel, mfanyabiashara wa Ruhrort aliyekuwa na hisa katika viwanda vya chuma, alikuwa akitafuta koka, yaani makaa ya mawe yaliyookwa tanurini bila hewa mpaka gesi na lami zikatoka na kubaki kaboni ngumu yenye uwezo wa kuyeyushia madini ya chuma. Si makaa yote yanayokubali kuokwa hivyo. Yaliyofaa yalilala kaskazini mwa Essen, chini ya tabaka nene la miamba, katika eneo ambalo mpaka wakati huo lilikuwa la mashamba na vijiji vidogo. Mwaka 1847 Haniel alianza kuchimbisha shimo la kwanza karibu na Katernberg, mwaka uleule ambao reli ya kutoka Cologne hadi Minden ilifunguliwa ikapita jirani na hapo. Makaa yalifikiwa kwenye kina cha mita 130 hivi, na uzalishaji ulianza mwaka 1851. Mgodi aliuita Zollverein kwa heshima ya Umoja wa Forodha wa mwaka 1834, ambao ulikuwa umeondoa ushuru baina ya dola nyingi za Kijerumani na kuwafungulia watu wa aina yake soko pana. Wageni wengi hupita bila kuuliza maana ya jina hilo, lakini mimi naliona kuwa la msingi: mgodi huu tangu kuzaliwa kwake uliitwa kwa jina la soko, na tutaona baadaye kwamba haukufungwa kwa sababu makaa yaliisha.

Baada ya shimo la kwanza yalifuata mengine, na kila kundi la mashimo lilikuwa na minara yake, karakana zake na bafu lake la wachimbaji. Watu wa vijiji vya jirani hawakutosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo wafanyakazi waliletwa kutoka majimbo ya mashariki ya Prussia, wakiwamo Wapolandi na Wamasuria waliokuja na lugha zao na ibada zao. Kampuni iliwajengea vitongoji vya nyumba za matofali, kila nyumba na bustani yake na kibanda cha mfugo. Mbuzi alifugwa kwa wingi kiasi kwamba watu wa bonde la Ruhr, eneo la migodi na viwanda ambamo Essen imo, walimwita ng'ombe wa mchimbaji. Katernberg, Stoppenberg na Schonnebeck, vilivyokuwa vijiji vya wakulima, vikageuka mitaa iliyohesabu saa zake kwa zamu za mgodi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaja wimbi jingine, na kuanzia mkataba wa mwaka 1961 kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki, vijana wengi wa Kituruki waliingia katika mashimo ya bonde hilo. Katikati ya mawimbi hayo mawili pana sura ambayo haifai kurukwa: wakati wa vita, migodi ya Ruhr, huu ukiwamo, iliendeshwa kwa sehemu na wafungwa wa kivita na raia wa nchi zilizotekwa na Ujerumani waliolazimishwa kufanya kazi. Mwongozaji yeyote anayesimulia historia ya Zollverein bila kuwataja hao anasimulia nusu yake.

Majengo unayoyaona katika picha nyingi, na mnara mkubwa wa chuma wenye magurudumu juu, si ya enzi ya Haniel. Hayo ni ya Shimo la 12. Mwaka 1926 makampuni kadhaa makubwa ya chuma yaliungana na kuunda Vereinigte Stahlwerke, na wakuu wa muungano huo waliona kwamba kuyatoa makaa kupitia mashimo mengi yaliyotawanyika ni upotevu wa fedha. Waliamua kwamba makaa yote ya Zollverein yasafirishwe chini kwa chini hadi sehemu moja, yapandishwe kupitia shimo moja, na yaoshwe na kuchambuliwa mahali pamoja. Kazi ya kulipa umbo wazo hilo walipewa wasanifu wawili vijana, Fritz Schupp na Martin Kremmer. Ujenzi ulianza mwaka 1928, na tarehe 1 Februari 1932 Shimo la 12 likaanza kazi likiwa na uwezo wa kutoa tani 12,000 kwa siku, mara nne ya kilichokuwa cha kawaida kwa mgodi wa wakati huo.

Mtindo wake ni wa ukavu wa makusudi. Kila jengo ni mchemraba au sanduku refu, fremu ya chuma imeachwa ionekane kwa nje, na nafasi katikati ya nondo zimejazwa matofali mekundu na vioo. Hakuna pambo lolote. Uzuri umetokana na mpangilio, kwani majengo yapatayo 20 yamepangwa juu ya mistari miwili mikuu ili anayeingia lango kuu aone uwanja wa majani na, mbele yake kabisa, mnara wenye urefu wa mita 55 ukisimama kwa miguu yake iliyotanuliwa pande mbili. Ukuta huo wa matofali haubebi uzito wowote, kwa hiyo sehemu yake yoyote iliweza kufunguliwa ili kuingiza au kutoa mashine bila kuliyumbisha jengo. Umuhimu wa jambo hilo la kiufundi ulionekana miaka 60 baadaye, kwa maana jengo lililosanifiwa lifunguke kwa ajili ya mashine mpya lilikuwa tayari, bila mtu kukusudia, kufunguka kwa ajili ya kazi mpya.

Hata hivyo, nakuomba ulizingatie jambo moja kuhusu Shimo la 12. Lilikuwa la makaa tu. Wachimbaji hawakushukia hapo. Waliendelea kuingia kupitia mashimo ya zamani yaliyokuwa pembeni, wakabadilisha nguo huko na kuoga huko. Lango kuu na uwanja ule wa majani vilijengwa ili vitazamwe na wakurugenzi, wenye hisa na wageni wao. Kwa hiyo sifa ambayo mahali hapa pamepewa tangu zamani, kwamba ni mgodi mzuri kuliko yote duniani, ni sifa ya uso wa kampuni. Sisemi hivyo kuudharau usanifu wa Schupp na Kremmer, ambao mimi binafsi nauhesabu miongoni mwa kazi bora za karne ya 20. Nasema hivyo kwa sababu swali lako la pili linategemea jambo hili: mahali ambapo picha zote hupigwa si mahali ambapo watu wa mgodi walipita.

Mwaka 1937 mgodi ulikuwa na wafanyakazi wapatao 6,900 na ulitoa tani milioni 3.6, nyingi zaidi kupitia Shimo la 12. Baada ya vita, Ujerumani iliyobomoka ilijengwa upya kwa makaa hayo, na kati ya mwaka 1957 na 1961 kiwanda kikubwa cha koka kilijengwa kando ya mgodi. Kremmer alikuwa amefariki mwaka 1945, lakini Schupp alikuwa hai, naye ndiye aliyekisanifu, kwa mkono uleule na matofali yaleyale. Baada ya kupanuliwa katika miaka ya mwanzo ya 1970, tanuri zake zilifikia 304, vyumba vyembamba vilivyopangwa bega kwa bega kwa mamia ya mita, ambamo makaa yalipashwa moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi kabla ya kusukumwa nje yakiwa yanawaka na kuzimwa kwa maji.

Kushuka kwake nitakusimulia kwa ufupi, kwa kuwa hakuna ajabu ndani yake. Kuanzia mwaka 1958 mafuta na makaa ya bei nafuu kutoka ng'ambo vilianza kuyashinda makaa ya Ruhr, ambayo yalikuwa yakichimbwa kwa kina kinachozidi kuongezeka na kwa gharama inayozidi kupanda. Mwaka 1968 karibu migodi yote ya bonde hilo iliunganishwa katika kampuni moja, Ruhrkohle AG, ambayo kazi yake kubwa, kwa miaka 50 iliyofuata, ilikuwa kufunga migodi kwa utaratibu ili watu wasitupwe nje wote kwa mara moja. Tarehe 23 Desemba 1986 zamu ya mwisho ilitoka Zollverein, mgodi wa mwisho katika mji wa Essen. Makaa bado yalikuwapo chini. Kiwanda cha koka kiliendelea mpaka tarehe 30 Juni 1993, nacho kikazimwa kwa sababu viwanda vya chuma vilikuwa vimepungukiwa na soko.

Sasa tufike kwenye swali lako la kwanza. Zollverein haukuokolewa na mpango mkubwa. Uliokolewa na watu waliokataa kuubomoa kabla ya kujua utafanya nini, na ujasiri wa kusubiri namna hiyo ulikuwa umetayarishwa na mapambano ya miaka iliyotangulia. Huko Dortmund, mwishoni mwa miaka ya 1960, mgodi wa Zollern ulikuwa karibu kuvunjwa pamoja na jumba lake la mashine lenye lango la vioo vya rangi. Wasanii na wataalamu wa urithi walipaza sauti, na mwaka 1969 jumba hilo likawekwa chini ya ulinzi wa serikali, jengo la kwanza la viwanda kulindwa namna hiyo nchini Ujerumani. Katika miaka ya 1970 wakazi wa Eisenheim, kitongoji cha wafanyakazi huko Oberhausen kilichoanza kujengwa mwaka 1846, walipigania nyumba zao zisivunjwe, wakashinda. Mwaka 1980 jimbo la Nordrhein-Westfalen lilitunga sheria ya kulinda majengo ya urithi. Kwa hiyo Zollverein ulipofungwa, palikuwa na sheria, palikuwa na mfano wa ushindi, na palikuwa na kizazi cha maofisa waliokwisha kuzoea wazo kwamba mnara wa mgodi unaweza kustahili heshima sawa na mnara wa kanisa. Shimo la 12 liliwekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa mwaka huohuo wa 1986, na serikali ya jimbo ikanunua eneo lake.

Usidhani kwamba uamuzi huo ulishangiliwa na wote. Kwa watu wengi waliokuwa wamepoteza ajira hapo, majengo hayo yalikuwa chuma chakavu na ukumbusho wa kushindwa, na hawakuona kwa nini fedha za umma zipake rangi mnara usiopandisha chochote. Hisia hiyo ni halali, na sijawahi kuwalaumu walioibeba. Lakini jengo likishavunjwa mjadala umekwisha, ilhali jengo lililosimama huwapa hata wanaolipinga nafasi ya kubadili mawazo.

Mwaka 1989 lilianzishwa shirika dogo la ukarabati, likitumia neno la kale la Kijerumani la karakana za mafundi waliojenga makanisa makuu, Bauhütte. Kwa muda wa miaka 10 hivi kazi yake ilikuwa kuziba mapaa, kutengeneza nondo zilizoliwa na kutu na kupangisha jengo mojamoja kadiri mpangaji alivyopatikana. Katika kipindi hichohicho, kuanzia mwaka 1989 hadi 1999, jimbo liliendesha mradi mkubwa wa kulifufua bonde la mto Emscher, uliojulikana kama IBA Emscher Park na kuongozwa na Karl Ganser. Mradi huo haukuwa na fedha zisizo na mwisho. Nguvu yake ilikuwa katika kuutazama ukanda mzima wa viwanda vilivyokufa kama bustani moja ndefu, ambamo tanuri za chuma, mifereji, vilima vya vifusi na migodi vina thamani vikiwa pamoja. Shirika lile dogo lilimaliza kazi mwaka 1998, na nafasi yake ikachukuliwa na wakfu unaousimamia Zollverein hadi leo.

Kuhusu matumizi mapya, nitakutajia yale yanayonifundisha kitu, si yote. Jengo la boila, ambalo lilitoa mvuke na nguvu ya kuendesha mashine, lilikabidhiwa kwa msanifu Mwingereza Norman Foster, na mwaka 1997 likafunguliwa kama makumbusho ya ubunifu wa bidhaa. Foster hakulisafisha jengo likawa tupu. Aliacha boila mahali pake, na vitu vya maonyesho, viti, taa, vyombo vya nyumbani, vimewekwa katikati ya mabomba yenye kutu, kiasi kwamba mgeni analazimika kuona vyote viwili, bidhaa na nguvu iliyozizalisha bidhaa za enzi ile.

Kiwanda cha kuoshea makaa, jengo kubwa kuliko yote hapo, kilikuwa kazi ngumu zaidi. Msanifu Mholanzi Rem Koolhaas na ofisi yake ya OMA, waliokuwa wameandaa mpango mkuu wa eneo zima, walikigeuza kwa kushirikiana na wasanifu wa Essen, na tangu Januari 2010 ndani yake kuna Ruhr Museum, makumbusho ya historia na mazingira ya bonde zima. Nje waliweka ngazi ya umeme ndefu yenye mwanga wa rangi ya chungwa, kama chuma kinachoyeyuka, inayompandisha mgeni mita 24 kabla hajaingia. Kuna waliodhani ni madoido ya msanifu maarufu. Mimi nilipoelewa sababu yake nilikubaliana nayo kabisa. Katika kiwanda cha namna hiyo makaa yalipandishwa kwanza juu kabisa kwa mikanda, kisha yakashuka kwa uzito wake yenyewe kutoka mashine hadi mashine, yakichekechwa, yakioshwa na kutenganishwa na mawe. Mgeni anapandishwa vivyo hivyo, halafu anashuka: kwenye kimo cha mita 17 anakuta maonyesho ya wakati wa sasa, kwenye mita 12 kumbukumbu za kale, na kwenye mita 6 historia ya enzi ya viwanda. Mwili wake unafuata njia ya makaa hata asipoambiwa.

Lakini jengo hilohilo linaonyesha pia gharama ya kugeuza. Ili liwe na joto linalofaa makumbusho, ukuta wa nje ulibadilishwa, na sehemu ya mashine zilitolewa ili kupata nafasi ya vyumba vya maonyesho. Wataalamu wa urithi walibishana vikali juu ya hilo, na kwa maoni yangu waliolalamika hawakukosea: mashine ya kuoshea makaa ni kitu kimoja kinachoeleweka kikiwa kizima, na ukiondoa theluthi yake, theluthi mbili zinazobaki hazielezi tena theluthi mbili za hadithi. Ningependa kuona mahali kama hapo watunzaji wakianza kwa kuuliza ni kazi gani mpya inayoweza kuingia bila kuhitaji joto la sebuleni, badala ya kuchagua kazi kwanza na kulilazimisha jengo liikubali.

Kiwanda cha koka ni mfano wa upande huo mwingine. Baada ya kuzimwa palikuwa na mazungumzo ya kukiuza China, na yalipovunjika kilikuwa hatarini kubomolewa. Hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Miaka michache baadaye, huko Dortmund, kiwanda cha koka cha Kaiserstuhl kilifunguliwa kipande kwa kipande na kusafirishwa kwenda China. Kile cha Zollverein kilinusurika, kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 2000, na sehemu kubwa yake haijageuzwa kuwa kitu chochote. Tanuri zimeachwa zizeeke polepole. Wakati wa baridi, mfereji wa maji ulio chini yake hugandishwa ukawa njia ya kuteleza kwenye barafu yenye urefu wa mita 150. Wakati wa joto, watoto wa mitaa ya jirani huogelea katika bwawa ambalo wasanii Dirk Paschke na Daniel Milohnic walilitengeneza mwaka 2001 kwa makontena ya mizigo. Ndani ya ghala la zamani la chumvi, Ilya na Emilia Kabakov wameweka kazi yao kubwa ya sanaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji tanuri ivunjwe.

Tarehe 14 Desemba 2001 UNESCO iliingiza mgodi na kiwanda cha koka katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 Essen, kwa niaba ya bonde lote la Ruhr, ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, sherehe za ufunguzi zikifanyika hapohapo Zollverein. Heshima hizo zilileta fedha na wageni. Zilileta pia shule ya ubunifu na uongozi, ambayo haikudumu, lakini jengo lake jeupe la umbo la mchemraba, kazi ya wasanifu wa Japani SANAA, lilikamilika mwaka 2006 na sasa linatumiwa na Chuo Kikuu cha Sanaa cha Folkwang. Nalitaja kwa sababu ya kuta zake. Lilisanifiwa lipate joto kutokana na maji ya mgodi, yaliyokuwa yakipampiwa kutoka kina cha takriban mita 1,000 yakiwa na uvuguvugu. Mabomba yalipitishwa ndani ya zege, na hivyo kuta zikawa nyembamba kuliko kawaida. Mgodi uliokufa ulikuwa bado unatoa joto.

Maji hayo ndiyo yanayotupeleka chini, mahali ambapo watalii hawafiki. Mchimbaji anapoondoka, mgodi hautulii. Maji huendelea kuingia katika njia zilizoachwa, na yakiachwa yapande ovyo hubeba chumvi na metali hadi kwenye maji ya kunywa. Juu ya ardhi nako, sehemu za bonde zimedidimia kwa mita nyingi kwa sababu makaa yaliyokuwa yamezishikilia yameondolewa, na bila pampu kufanya kazi usiku na mchana mitaa inayokaliwa na watu ingegeuka maziwa. Wajerumani wanayaita majukumu haya kazi za milele, na hawatumii neno hilo kwa kutia chumvi. Mwaka 2007 uliundwa wakfu wa RAG, jina jipya la ile Ruhrkohle AG, ili kugharamia kazi hizo baada ya mgodi wa mwisho kufungwa, nao ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018 huko Bottrop. Mgodi huo uliitwa Prosper-Haniel, ukibeba bado jina la mwanzilishi wa Zollverein. Makao ya wakfu huo sasa yako katika eneo la kiwanda cha koka cha Zollverein. Ninapenda wageni waoneshwe jengo hilo la ofisi pamoja na mnara, kwa sababu shughuli zake ndizo sehemu pekee ya mgodi ambayo haitakuwa na zamu ya mwisho.

Basi, je, bado ni mgodi? Linganisha na Big Pit huko Wales, uliofungwa mwaka 1980 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1983. Huko unavaa kofia na taa, unakabidhi saa na simu yako ili cheche isitokee, na unashushwa mita 90 pamoja na mtu aliyekuwa mchimbaji. Mwongozaji huyo hukuomba uzime taa, na kwa dakika moja unajifunza kuhusu giza kile ambacho hakuna maelezo ya ukutani yanayoweza kukufundisha. Zollverein hauna safari hiyo. Hakuna mgeni anayeshuka chini. Kwa kipimo cha Big Pit, Zollverein ni kichwa kisicho na mwili. Kwa upande mwingine, Big Pit hauwezi kukuonyesha safari nzima ya makaa, kutoka shimoni hadi kuoshwa hadi tanurini, kwa ukubwa na uwazi wa Zollverein. Kila mahali pamehifadhi kile palichobahatika kuwa nacho, na sioni haja ya kupashindanisha.

Kinachonitia wasiwasi ni jambo lingine. Kwa miaka mingi miongoni mwa wanaowatembeza wageni wamekuwamo waliofanya kazi hapo, watu wanaoweza kusimama mbele ya mashine na kusema ilikuwa na kelele ya namna gani, vumbi liliingiaje mapafuni, na kwa nini chini ya ardhi hukumuuliza mwenzako ametoka nchi gani ilimradi alishikilia upande wake wa mzigo. Aliyekuwa na miaka 20 mgodi ulipofungwa mwaka 1986 sasa ni mzee. Mnara utapakwa rangi tena na tena, lakini mashahidi hawa wanaondoka, na sauti zao zinapaswa kurekodiwa kwa bidii ileile iliyotumika kuziba mapaa, tena kwa Kituruki na Kipolandi pia, si kwa Kijerumani peke yake. Aidha, mitaa ya kaskazini ya Essen iliyowalea watu hao imebaki maskini kuliko ile ya kusini. Utamaduni umeleta kazi, lakini si kwa idadi ya maelfu waliokuwa wakishuka kila siku, wala mara nyingi si kwa watu walewale. Mtu akikuambia kwamba makumbusho yamechukua nafasi ya mgodi, muulize kwa nani.

Ukijaliwa kwenda, usiishie kwenye Shimo la 12. Tembea dakika chache hadi kwenye mashimo ya zamani, 1, 2 na 8, ulitafute bafu la wachimbaji. Humo ndimo watu waliingia wakiwa na nguo za nyumbani, wakazivua, wakazipandisha darini kwa minyororo, wakashuka shimoni, na baada ya zamu wakarudi weusi kuoshana migongo, kwa kuwa hakuna anayeufikia mgongo wake vizuri. Tangu mwaka 2002 jengo hilo ni PACT Zollverein, kituo cha dansi ya jukwaani, na vigae vya mabafu bado viko ukutani. Wacheza dansi wanafanya mazoezi hapo kutwa, wanatoka jasho, wanaumia magoti, wanapumzika wakiegemea vigae hivyo. Kati ya kazi zote mpya zilizoingia Zollverein, hiyo ndiyo ninayoiona kuwa karibu zaidi na kazi ya zamani, na ingekuwa mimi ninayempokea mgeni, ningemwanzishia ziara yake hapo, ndipo nimpeleke kwenye mnara.